Usilalamike Mbele ya Injinia

Watu wa nyumba ile walijifunza mapema kutolalamika. Si kwamba walikuwa wavumilivu, waliogopa. Ukisema neno moja mbele ya mwenye nyumba, kwamba kiti kinayumba au chumba kina joto, utamwona anaweka kikombe chini, anakuna kidevu, kisha anatoka kimya kuelekea kibandani kwake nyuma ya nyumba. Hapo ujue umekwisha. Kesho yake kuna kitu kitanguruma.

Mtaa mzima ulimwita Injinia, ingawa ofisi ya maji ilimstaafisha akiwa fundi wa pampu tu. Mkewe, mshonaji, kila mtu alimwita Mama Mapacha, hata mumewe. Yeye ndiye aliyeishi na vitu alivyovitengeneza mumewe, akivifuta vumbi na kuwaomba wageni radhi kwa niaba yake. Aliwahi kusema mlango unagonga upepo ukivuma. Mlango ukafungwa kamba, kapi na kopo lililojaa mawe, na tangu siku hiyo ukawa unajifunga wenyewe, kwa nguvu, ukimpiga mgeni mgongoni kabla hajamaliza kusema hodi. Shemeji mtu aliacha kuja. Siku nyingine Mama Mapacha akasema maharage yana changarawe. Ikaja mashine ya kupepeta iliyotokana na gurudumu la baiskeli. Maharage yakaokotwa juu ya bati la jirani, changarawe zikabaki kwenye sufuria. Injinia alisema ni suala la kurekebisha spidi. Kwake yeye kila balaa lilikuwa suala la kurekebisha spidi.

Mapacha wenyewe, ambao sasa wana miji yao, waliponea chupuchupu. Mmoja aliumwa jino utotoni akahamia kwa shangazi yake mpaka lilipong'olewa, maana alikuwa ameshamwona baba yake akijaribu mdomo wa koleo. Hata leo wakipiga simu huuliza kwanza, "Baba yupo karibu?" Wakiambiwa yupo, wote ni wazima wa afya.

Kwa hiyo macho ya Mama Mapacha yalipoanza kumsaliti, hakumwambia mumewe. Vitu vilianza kuingia ukungu, kwanza vya mbali, halafu hata vya mkononi. Uzi ukawa hauingii tena kwenye tundu la sindano. Kila asubuhi Injinia akishaingia kibandani, yeye alijipenyeza kwa msusi, jirani wa mlango wa pili, kutungiwa sindano za kutwa nzima.

"Dada, si umwambie mumeo," msusi alimwambia siku moja.

"Nimwambie atengeneze nini?"

Msusi alilamba ncha ya uzi. Akaendelea kutunga.

Kushona ndiyo kazi aliyoijua, na ndiyo iliyomfanya aamke na hamu. Sasa ilikuwa inamponyoka, na aliiona ikimponyoka, na hakuwa na wa kumlilia. Mteja mmoja alirudisha gauni ambalo mkono mmoja ulikuwa umeshonwa ndani nje. Alilikunjua mbele ya Injinia mwenyewe, aliyekuwa ameingia kutafuta bisibisi. Mama Mapacha alishikwa na aibu, akasema la kwanza lililomjia mdomoni.

"Humu ndani mwanga mbaya."

Akajuta papo hapo. Injinia alikuwa ameshaanza kukuna kidevu.

Kilikuja kesho yake mchana: kofia ngumu ya ujenzi, mbele imefungwa taa ya pikipiki, nyuma betri yake ya kusawazisha uzito, na pembeni kioo cha kutazamia nyuma, ambacho hakikutolewa maelezo. Alimvisha mwenyewe, taratibu, akamfunga mkanda chini ya kidevu, akawasha. Kitambaa chote kikawa cheupe. Hakuona mshono wala chaki wala vidole vyake. Shingo ikamlemea.

"Vipi?" mumewe aliuliza, kwa sauti ya mtu anayesubiri kusifiwa.

Angeweza kuivua. Lakini alikuwa amechoka kubishana na vitu vilivyotengenezwa kwa mapenzi, akakanyaga cherehani. Sindano ikapita kwenye kidole cha shahada.

Hakupiga kelele. Aliyepiga ni Injinia. Alizungusha gurudumu, akaitoa sindano, akamfunga kidole kwa kipande cha kitambaa. Na kabla hajamaliza kufunga, akaanza.

"Tutaweka kizuizi hapa. Kibati kidogo tu, na springi. Halafu ile spidi nita..."

"Sio mwanga."

"Eh?"

"Sio mwanga, Baba Mapacha. Ni macho. Nimechoka. Nimechoka na kofia, nimechoka na mlango, nimechoka kunyamaza kwenye nyumba yangu mwenyewe."

Alifungua mkanda, akaiweka kofia sakafuni, ikawa inamulika ukuta. Injinia akakaa kwenye kiti cha wateja. Alimtazama mkewe usoni, akasogea, akatazama tena. Jicho la kushoto lilikuwa na weupe katikati, kama punje ya mchele. Mtu yeyote anayekunywa naye chai asubuhi angeuona.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenitengenezea macho."

Injinia aliinama, akaizima taa ya kofia. Mama Mapacha alidhani hasira ikishatoka itakwisha, lakini ilikuwa palepale, nzima.

"Kesho tunakwenda hospitali," mumewe alisema hatimaye. "Asubuhi na mapema."

"Nimeshakwenda. Wamesema linatibika, watalipasua. Ila siku hiyo nije na mtu wangu wa karibu, wa kunishika mkono kunirudisha nyumbani."

"Siku gani?"

"Alhamisi," alisema. "Nimeshamwomba msusi."