Kosa la Baharia wa Nyambizi

Mume wangu amesamehewa kosa ambalo hakulitenda, tena mbele ya mtaa mzima. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekumbatia kofia yake ya pikipiki, nimeuma mdomo nisicheke, na mpaka leo sijamwambia ninachokijua.

Anaitwa Zolile. Baba yake alikuwa mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyeishi uhamishoni Morogoro. Mama yake, Mama Scholastika, ni Mluguru aliyekuwa akipeleka maandazi kambini mpaka mambo yakawa mambo. Mwaka 1992 watu wa kambi walirudi kwao, na baba akaondoka na kijana wake wa miaka kumi na minane. Mama Scholastika aligoma. Alisema haoni sababu ya kuhamia nchi ambayo wenyewe waliikimbia.

Huku Afrika Kusini Zolile akajiunga na jeshi la majini, wakamweka kwenye nyambizi, ile meli inayozama kwa makusudi. Mimi ni fundi cherehani, duka langu liko Jules Street, Malvern, lakini nilizaliwa Uvira kando ya ziwa. Kwetu chombo kikizama tunaweka matanga. Yeye alizamishwa miaka ishirini na mbili, akalipwa mshahara na akapewa medali.

Alipokuja dukani kwangu alikuwa ameshastaafu. Alitaka nimtengenezee zipu ya jaketi la pikipiki. Nikamwambia arudi saa tisa. Akajibu, "Nirudi saa tisa." Nikamwambia asichelewe. Akajibu, "Nisichelewe." Nikadhani ananikejeli, nikamwongezea maneno ya kwetu ambayo siyaandiki hapa. Akayarudia nayo, neno kwa neno, kwa adabu.

Baadaye alinieleza. Ndani ya nyambizi, ukipewa amri lazima uirudie kwa sauti, ili aliyeitoa ajue umesikia sawasawa. Mmoja akisikia vibaya kule chini, wanakufa wote. Miaka ishirini na mbili ya kurudia amri imemkaa mdomoni, hawezi kuiacha. Tulipozoeana nikamwambia kwa mzaha, "Basi nioe, tuone." Akasema, "Nikuoe." Ndivyo nilivyoolewa.

Kuishi naye kuna mambo yake. Anaoga kwa dakika mbili, na mimi ninayeoga kwa ishirini ananiangalia kama mwizi wa maji. Kila mlango ukishafungwa, mtu wa pili lazima aukague, na mtu wa pili ni mimi. Umeme ukikatwa, Malvern nzima inalalamika, eish, lakini yeye anachangamka, anashusha sauti na kuanza kutupangia zamu. Binti yangu Gaëlle, ambaye Kiswahili chetu anakijibu kwa Kizulu, humwita Kapteni, ingawa alikuwa fundi mitambo tu.

Baada ya miaka yote hiyo ndani ya bomba lisilo na dirisha, alitaka upepo. Akanunua pikipiki kubwa, akaenda nayo Lesotho, Namibia, mpaka Maputo. Akirudi ananionyesha picha za barabara. Barabara tupu, mamia, zote zinafanana, na kila moja ina hadithi yake ndefu. Ila Morogoro hakuwa amekanyaga kwa miaka kumi na tatu.

Sababu, anavyosema mwenyewe, ni aibu: mama yake hakumwamini. Miaka ya mwisho ya kazi alikuwa akimpigia simu mara moja kwa miezi miwili.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Siruhusiwi kusema, mama."

"Unakula?"

"Tunakula kwa zamu."

"Jua unaliona?"

"Siku hizi hapana."

Mama Scholastika akaweka simu chini, akafikiri kama mtu yeyote mwenye akili angefikiri, akapata jibu. Mwanawe amefungwa. Habari za meli inayopita chini ya maji alisema ni uongo wa mtoto asiyetaka kumwumiza mama. Akaanza kushinda njaa kila Ijumaa akimwombea.

"Mama ana miaka sabini na tisa," Zolile aliniambia mwaka juzi. "Sitaki afe akiamini alizaa jambazi."

Macho yalikuwa yamemlowa. Nami, niliyeapa sitapanda pikipiki ile maishani, nikalainika.

"Miye nitapanda," nikamwambia, "lakini ukiniangusha, tutaonana kwa Mungu."

"Nikikuangusha, tutaonana kwa Mungu," akajibu.

Tulitumia siku tisa. Zimbabwe, Zambia, Tunduma, milima ya Iringa. Mikumi tembo walivuka barabara mbele yetu, na Zolile akazima injini, akaninong'oneza nisikohoe. Kila asubuhi kabla ya kuondoka alinikagua na pikipiki yake pamoja.

"Mafuta?"

"Iko."

"Breki?"

"Iko."

"Mke?"

"Iko, lakini mugongo haiko."

Tulipofika kwa mama yake, Kihonda, Morogoro, bibi wa watu alimshika mwanawe mashavu kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda mrefu. Halafu akamuuliza, "Wamekutoa lini?"

Zolile alikuwa amejiandaa. Akatandaza picha mezani, na majirani wakasogea, maana pikipiki ilikuwa imevuta nusu ya mtaa. Picha ya kwanza ilikuwa ya wanaume thelathini wenye sare moja, vichwa vimenyolewa. Ya pili, vitanda vyembamba vitatu vitatu, vimebanana kwenye ukuta wa chuma. Ya tatu, mlango mzito wa duara, wenye gurudumu la kuufungia. Mama Scholastika alizipitia moja moja akisikitika.

"Hata dirisha hawakuwawekea," alisema.

Mzee Kibwana, jirani aliyewahi kufungwa miaka minne kwa kesi ya ng'ombe, alisema kule kwao angalau palikuwa na ua wa kuotea jua.

Jasho likamtoka Zolile. Akatoa cheti chenye muhuri, alichopewa pamoja na medali. Mwalimu mmoja wa jirani akakisoma na kuwaeleza wenzake: ni cha utumishi wa muda mrefu na tabia njema.

"Tabia njema," Mzee Kibwana alisema kwa heshima. "Ndivyo wanavyokupunguzia kifungo."

Hapo Mama Scholastika akasimama, akamwekea mwanawe mkono kichwani. "Mwanangu, ulikosea," alisema.

Nilimwona Zolile akifungua kinywa abishe. Lakini sauti ile ilikuwa ya amri, na mdomo wake ukafanya ulichofundishwa.

"Nilikosea."

"Na sasa umesamehewa."

"Na sasa nimesamehewa."

Vigelegele vilisikika mpaka barabara kuu. Jogoo akachinjwa. Zolile alikaa na paja la kuku mkononi, haamini kilichomtoka kinywani, na Mzee Kibwana akasogeza kiti chake karibu ili wazungumze mambo ya ndani, yeye na mwenzake.

Kesho yake asubuhi nilikuwa jikoni na mama mkwe, tunachambua mchicha. Nilimwonea huruma mume wangu, nikaamua kumtetea.

"Mama, ile meli iko ya kweli. Miye mwenyewe nilienda kuiona kule Simon's Town, kwenye bandari ya jeshi. Bwana yangu hajafungwa hata siku moja."

Hakuinua macho. "Najua, mkwe wangu."

Mchicha ukanidondoka.

"Najua siku nyingi. Padri alinionyesha kwenye kitabu, na picha yake."

"Sasa mama, mbona unamutesa?"

Alichambua majani matatu manne kwanza. "Mfungwa hawezi kuja kumwona mama yake," alisema. "Huyo naweza kumsamehe. Lakini baharia ana likizo kila mwaka, na mstaafu ana siku zote. Miaka kumi na tatu. Huyo ningemsameheje?"

Nililia, nikasingizia kitunguu, na kitunguu chenyewe tulikuwa hatujakimenya.

Tangu hapo tunakwenda kila Juni. Mwaka jana Zolile alibeba mfano wa nyambizi alioutengeneza kwa bati, una hata vitanda ndani. Mwaka huu amebeba video ya kamanda wake wa zamani akiapa kwa Mungu. Mama mkwe anatazama kila kitu kwa makini, anashukuru, anauliza kama huyo kamanda naye walimtoa kwa tabia njema. Zolile anarudi Malvern amenuna, na wiki haiishi kabla hajatandaza ramani mezani kupanga ushahidi wa safari nyingine.

Kuna siku ananitia huruma mpaka nataka kumwambia. Halafu nafikiri: siku mama yake akimwamini, atakuwa na haraka gani tena ya kwenda? Basi nakagua mlango, navaa kofia yangu, na akiuliza, "Mke?" najibu, "Iko."