Mabomba Mawili Yasiyo na Lebo

Hebu mwone anavyoingia wadini, saa moja kasoro asubuhi: mwanamke mfupi, viatu vya raba, roli ya plasta ameivaa mkononi kama bangili. Plasta hiyo ni ya kuandikia majina ya dawa. Wenzake wamembandika jina la Mara Tatu, kwa sababu lebo ya dawa huisoma akiitoa kabatini, akiivuta kwa bomba la sindano, na tena kabla hajatupa kichupa.

"Anasoma dawa kama barua ya mchumba," humtania. Naye hucheka, kisha huanza kusoma upya.

Ni muuguzi msaidizi tu, wa cheti cha mwaka mmoja. Mengine amejifunzia nyumbani, mumewe, fundi cherehani, akimsaili huku anashona: "Haya, mama watoto, na hii ikizidi inafanya nini?"

Siku moja Sista, msimamizi wa zamu, alivuta dawa mbili akaziweka kwenye sinia. Moja ya kuzuia kutapika, ya bibi wa kitanda cha tano. Nyingine ya maumivu makali, ya dereva wa lori aliyepasuliwa tumbo. Zote zinang'aa kama maji, mabomba sawasawa, bila lebo. Mara akaitwa chumba cha upasuaji.

"Ya kushoto ni ya bibi," alisema huku anakimbia. "Wachome."

Mara Tatu alipofika mezani, mfagizi alikuwa ameshaisogeza sinia apate kufuta. Na sinia yenyewe ni ya duara. Kushoto kwake ni wapi?

Bibi yule hafiki kilo arobaini. Dawa ya dereva ingemwingia, pumzi zingepungua mojamoja mpaka ziishe. Mara Tatu akasimama hapohapo, hakugusa kitu.

Sista akarudi. "Bado tu?"

"Sikukuona ukivuta, Sista. Na sinia imesogezwa."

"Nina miaka ishirini humu. Lete, nachoma mwenyewe."

"Sawa. Nionyeshe ya bibi ni ipi."

Kidole cha Sista kilienda kwenye bomba moja, kikasita, kikarudi palepale. "Hii."

"Umesita."

"Wewe unanifundisha kazi?"

"Hapana. Ila dawa isiyojulikana hapa haipiti."

Dereva alikuwa anaugulia maumivu. Kaka yake akainuka. "Dada, dawa hiyo hapo mezani, ndugu yangu anateketea, nyinyi mnabishana?"

"Nakusikia, kaka. Ningekuwa na hakika, ningeshamchoma."

Akaivuta sinia upande wake, Sista asiifikie, akamwita muuguzi wa wadi ya jirani awe shahidi, akamwaga mabomba yote mawili, wakaandika daftarini na kutia saini. Kichupa cha dawa ya dereva kilikuwa cha mwisho kabatini. Kingine kilichukua saa nzima kufika kutoka bohari. Saa hiyo yote dereva aliuma shuka, na Mara Tatu alikaa naye kamshika mkono, huku mgonjwa huyo akimtukana matusi ambayo siwezi kukuandikia hapa.

Barua ya uongozi wa hospitali ikaja: ajieleze kwa nini amekaidi mkubwa wake na kumwaga dawa, kisha aombe radhi. Akajibu kwa mstari mmoja: "Nilikataa, na yakitokea tena nitakataa."

Mkuu wa hospitali akamwita. "Una ushahidi gani kwamba zilichanganyika?"

"Sina. Na Sista hana ushahidi kwamba hazikuchanganyika."

"Lakini bibi hakudhurika."

"Hakuchomwa, mzee."

Wakamwondoa kwenye kazi ya kutoa dawa mpaka aombe radhi. Sasa anatandika vitanda, anaosha wagonjwa, na radhi haombi. Mumewe alimshauri asaini barua ya radhi yaishe; naye akamwambia mumewe aendelee kushona.

Kabla ya kuamua kama Mara Tatu atafukuzwa kazi, mkuu amempa kaka wa dereva karatasi aandike alichokiona. Kaka yule ameikodolea macho siku ya pili hii. Vilio vya nduguye bado anavisikia. Kile kidole kilichosita nacho alikiona, maana alikuwa kaketi hatua mbili tu kutoka mezani.

Ungekuwa wewe, mwenzangu, ungeandika nini?