Viti vya Barazani

Ofisi yetu ya kutafsiri iko katika nyumba ya zamani pale Makiso, katikati ya mji, na umeme wa bwawa la Tshopo hutufikia unapojisikia. Ukikatika, kila mtu huinua kiti chake na kutoka nacho barazani. Hapo mama sekretari humenya karanga, mpiga chapa wetu, mzee tunayemwita tonton, hutueleza habari za mgongo wake, nami husoma kwa sauti tafsiri ya asubuhi, labda tangazo kwa wakulima kuhusu mihogo inayooza, ili wapate kunicheka.

"Papa, hiyo Kiswahili ni ya mutu wa diplome," mama husema. "Mukulima atafikiri unamutukana."

Mwaka huu shirika moja lenye jenereta na viyoyozi lilinialika nijaribu kazi kwao kwa wiki moja. Ijumaa niwape jibu. Kwa kuwa nililalamikia giza miaka mingi, nilikwenda na shati jipya kama bwana harusi.

Umeme wa kule haukatiki. Nilifanya kazi nyingi kuliko nilivyowahi kufanya, jambo lililonitia hofu. Jirani yangu wa meza alinisalimu vizuri kila asubuhi, "Bonjour, monsieur," na hadi katikati ya wiki sikujua kama ana watoto, wala kama mgongo unamuuma.

Alhamisi jenereta ikazimika. Kabla sijawaza lolote, nilikuwa nimekivuta kiti changu, cha ngozi, chenye magurudumu, mpaka uani, nikakaa kivulini kuwangoja wenzangu. Hakuna aliyetoka. Kompyuta zao zilikuwa na betri. Mlinzi alinitazama, kisha akatazama kiti.

"Papa, wamekufukuza pamoja na kiti?"

"Hapana. Napumzika."

"Bon, sawa," alisema, lakini alisogea karibu na lango.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda kutoa jibu, nilipitia ofisi yetu kwa kisingizio cha kuchukua kamusi. Umeme ulikuwapo. Mama alikuwa amekalia kiti changu. Mezani kwangu aliacha chake, kile chenye mguu unaocheza.

"Tumegawa urithi," alisema bila kuinua macho. "Tonton amechukua kikombe yako."

"Lakini sijafa."

"Mutu wa kiyoyozi," tonton alisema, "ni karibu sawa."

Niliitafuta ile kamusi polepole sana, ingawa ilikuwa mbele yangu. Nilikuwa naitazama balbu kama mtu anayetazama mlango. Mwishowe ikazimika. Wakainuka, wakabeba viti, nami nikabaki nimesimama na kamusi yangu. Mama alisimama mlangoni, kiti changu kiunoni mwake.

"Unangoja nani akubebee? Chukua hiyo ya mguu mubaya."

Nikakichukua. Barazani alinisogezea karanga, akaendelea kumenya. Simu ya shirika ilipolia, mkono wangu mmoja ulikuwa umeshika ukuta ili kiti kisiniangushe. Nilimwambia bibi aliyepiga kwamba nawashukuru, lakini sitakuja. Akauliza sababu, kwa upole, kama watu wa kule wanavyouliza kila kitu. Ningependa kumpa jibu la msomi. Lakini tonton, katika habari za mgongo wake, alikuwa amefika kwenye kiuno, pale anapochukia kukatizwa, kwa hiyo nilimwomba bibi yule aniwie radhi, kuna mtu namsikiliza.