Ndugu Yangu Alikuwa Chumba cha Pili, Hakunisikia

Nilikwama bafuni mchana kweupe, nyumbani kuna mtu, na nusura mwanangu afe kwa moshi.

Tulikuwa watatu: mimi, mwanangu mchanga aliyelala chumbani, na mdogo wangu wa sekondari, jina la utani Kamanda. Likizo nzima Kamanda kajifungia chumbani kwake, hedifoni masikioni, anacheza gemu la vita na watu asiowajua.

Nikabandika maharage, nikaingia bafuni kufua nepi. Upepo ukabamiza mlango. Kushika kitasa, kikabaki mkononi.

"Kamanda! Nifungulie!"

Wapi! Ila kupitia ukutani mimi nilimsikia vizuri tu: "Oya, adui kushoto! Nikingeni!"

Nikagonga kwa ndoo. Nikapiga mateke. Simu iko mezani. Kidirisha chenyewe hata paka hapiti.

Mara harufu. Maharage yanaungua.

Moshi ukaanza kupenya chini ya mlango. Mtoto akalia. Akakohoa. Akalia tena.

Halafu akanyamaza.

Jamani, kile kimya! Nilikwaruza mlango mpaka kucha zikatoka damu. Na ukutani pale, ndugu yangu wa tumbo moja anacheka.

Ghafla kicheko kikakatika. Vishindo. Bega moja, mlango ukang'oka.

Sikumtazama hata usoni. Nilimrukia mwanangu, nikatoka naye nje.

Alikuwa hai. Macho mekundu, sauti imemkauka, lakini hai.

Kamanda alizima jiko akaja kukaa pembeni yangu.

"Kumbe ulinisikia?" nikamuuliza.

"Hapana, dada." Akainamisha kichwa. "Kuna jamaa nacheza naye, yuko nchi nyingine huko. Yeye ndiye alikusikia kwenye maiki. Akasema, 'Oya, kwenu kuna mwanamke analia.' Nikamwambia ni TV ya jirani. Akagoma kucheza mpaka nikaangalie."



Mama yetu alikuwa akisema, "Muache, bora acheze ndani kuliko azurure." Siku hizi gemu liko sebuleni, hedifoni hakuna, muda tumepanga pamoja naye, na jioni namtoa akacheze mpira.

Alinuna wiki za mwanzo. Sasa anabishana na sisi mezani hadi tunachoka naye.

Wenye watoto na wadogo, msijidanganye kwamba kijana akiwa chumbani basi mnaye. Gongeni mlango wake leo, angali anasikia.