Bibi Aliyeoa

Siku niliyosimama mbele ya ukumbi wa mafunzo Tarime mjini nilikuwa na majivuno, sifichi. Tulikuwa tunafundishwa uongozi, sisi watumishi wa afya, namna ya kuongoza bila kudharau mila za watu tunaowahudumia. Mimi, mtu wa kuja, mfawidhi wa zahanati huko Gorong'a, niliitwa niwasimulie wenzangu nilivyofaulu.

Nikawasimulia habari za bibi mmoja. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na kwa mila ya Wakurya akaoa. Alitoa ng'ombe, akaleta binti nyumbani azae na mwanamume wa nje, ili watoto watakaozaliwa wawe wa mji wake. Wenyewe wanaita nyumba ntobhu. Binti alipopata mimba, sisi kliniki tulimtaka aje na mwenza wake, naye akaja na bibi kizee mwenye fimbo. Wauguzi wangu walicheka hadi machozi. Niliwakemea, nikampa bibi shikamoo yake na kumpokea kama mume mwingine yeyote. Tangu hapo hawakukosa kliniki. Bibi aliketi na akina baba, akiuliza maswali kuwashinda wote.

Ukumbi ulipiga makofi. Mkufunzi akasema huo ndio uongozi, nami nikala chakula cha mchana kichwa kimevimba.

Mchana huohuo binti alifika zahanati, uchungu umeanza, bibi kamshika mkono. Zamuni alikuwepo muuguzi mgeni, ndiyo kwanza amehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Akauliza mume yuko wapi. Bibi akajibu kwamba ni yeye. Muuguzi akaangua kicheko, akawageukia waliokuwa kwenye benchi, nao wakacheka. Akasema uchungu bado mchanga, wakamlete kwanza mume wa kweli. Wakaondoka. Binti akajifungulia nyumbani, damu ikakataa kukata, akafa kabla pikipiki haijapatikana. Mtoto alipona.

Nilimfokea yule muuguzi, lakini ningemfokea hadi lini? Hakuna aliyemwambia chochote. Wanaletwa, wanahamishwa, wanaletwa wengine, na kesho nitahamishwa mimi. Nilichokiita uongozi kilikuwa mimi kusimama mlangoni, basi. Nikitoka hakipo. Nimekata tamaa, na siku hizi wakipiga makofi popote natamani kuondoka.

Nilikwenda kutoa pole nikijiandaa kutukanwa. Bibi alinikaribisha kiti, akampakata mtoto.

"Mimi nilitaka tukae hapohapo," alisema. "Nilimwambia, acha wacheke, watachoka. Yeye alikataa. Alisema, mama, twende nyumbani, siwezi kuangalia wanavyokucheka."