Pembe ya Kushoto ya Kanisa

Mwaka 1989, wakati wa kiangazi, nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja na sikuwa nimeingia shule bado. Juzi, sokoni Kasongo, fundi viatu alinyunyiza majivu juu ya kole, ile gundi kali ya chupa ndogo, na moshi wake uliowasha pua ukanirudisha kwenye alasiri ile.

Baba, aliyekuwa seremala, alikuwa amechonga mfano mdogo wa kanisa ambalo parokia yetu ilitaka kulijenga. Nilipoufuta vumbi, ulianguka, na mwanya ukafunguka penye pembe ya kuta mbili. Baba alikuwa amesema kwamba kanisa litafanana na mfano huo kwa kila kitu. Nami niliamini kwamba ukuta wa kweli ungepasuka vilevile na kuwaangukia watu.

Nikajaza mwanya kwa kole na majivu. Ilitoa moshi, ikaniunguza vidole, ikaacha penye pembe ile uvimbe mgumu kama jiwe.

“We mutoto, unaficha nini mu mikono? Sukari yangu?” mama aliuliza.

“Hapana, mama. Iko majivu tu.”

Vidole viwili vilikuwa vimegandamana.

Jumamosi, tarehe 12 Agosti, wazee wa parokia waliupima mfano kwa kamba, wakazidisha kila kipimo mara hamsini. Uvimbe wangu uliandikwa hivi: nguzo ya kuimarisha pembe ya kushoto.

Baba alivitazama vidole vyangu, vilivyokuwa bado na kole.

“Mutoto, umeniongezea matofali,” alininong’oneza, kisha akatia sahihi kwenye karatasi ya vipimo.