Moshi Yenye Ililala Chini ya Nyungu ya Bui

Weye mwenye kusoma hii, ikala karibu. Nitakuambia kama vile ningemuambia dada yangu tukiwa tunachambua maharagi, mulango imefungwa. Kuna mambo mutu haambiake kila mutu, juu mumoja atacheka, na mwingine atakimbia kwa mupfumu kuaguliwa. Weye nakuaminia. Na nitaianzia kwa bui, yenye wengine banaita uji, juu bui njo tulikuwa tunafwata mule ndani ya jiko ile asubui.

Mi niko muntu wa Masisi, wa ku milima. Kwetu mutoto anaacha kunyonya na anaingia mu bui. Ilikuwa ya mutama na bulo kidogo, ile ulezi, tunasaga mangaribi juu ya jiwe. Asubui unatia maji ku moto. Ile unga unaichanga kwanza na maji ya baridi mu kibuyu, ikuwe nzito kama maziwa yenye imelala, na maji ya ku moto ikianza kuimba, njo unaimwanga polepole, mwiko isisimame. Ukisimamisha mwiko, unga inafanya mavimbe. Kisha inachemuka, inasema pu, pu, inakurukia mukono. Pale unatoa kuni moja, unaiacha iive kwa moto ya upole mpaka harufu ya unga mubichi inaisha.

Bwana yangu alitoka Kibua, kule Walikale, mu pori. Kwao asubui banachoma ndizi ao banakula mihogo yenye ilibakia. Siku ya kwanza nilimupa bui, aliangalia mu kikombe, akasema:

"Mama, hii ni chakula ao ni dawa?"

"Kunywa, utajua."

"Kwetu mutu mwenye meno anapewa kitu ya kutafuna."

Alikunywa. Haikupita wiki mingi akaanza kuamuka mbele yangu, anauliza kama imeiva. Yeye njo alileta asali ya kwao, nyeusi, yenye kuacha uchungu nyuma ya ulimi, na kisha hapo bui bila ile asali hatukuiita tena bui.

Mungu alitupa batoto, na akachukua babili wa kwanza. Wa tatu alikuwa binti. Alipoanza kusema maneno ya kufwatana, surua ikamukamata, ikamuacha mifupa na macho. Hakukubali tena chakula ingine, ni bui tu, na ni ya asubui. Ile asubui akikosa, muchana yote alikuwa analala macho wazi, unamuita haitike. Mi nilikuwa naomba Mungu kitu moja: huyu uniachie. Sikuombaka ingine.

Ile miaka bwana alipata kazi mu plantasio ya kahawa, ku ziwa, kati ya Sake na Kirotshe. Moto yenye mulima ilitapika ilikuwa imeshashuka zamani mpaka mu maji, na mawe yake meusi ilikuwa imeanza kuota majani. Tulipewa kipande ya udongo mu kabonde, chini ya njia. Udongo muzuri, wenye kuwa na vuguvugu ukiweka mukono. Upepo ya ziwa tu njo ilikuwa inanisumbua: nikiwasha moto, inaitawanya, nikipika, majivu inaingia mu nyungu. Bwana akakamata jembe. Akachimba jiko pembeni ya nyumba, ikuwe chini kuliko uwanja, unashuka ku ngazi ya udongo. Ukipiga magoti mule ndani, kichwa yako inabakia chini ya majani ya inje. Akatia paa ya manyasi juu yake, akapangusa jasho.

"Sasa upepo itatafuta moto yako mpaka itachoka," akasema. Alikuwa na furaha sana.

Mi pia nilifurahi. Moto ilikuwa inatulia. Na jiko ilikuwa safi kuliko jiko zote zenye nilishapata. Kila asubui nilikuwa nakuta mende ku chini, zimelala mugongo, zimekufa. Siku ingine ni panya, muzima, bila kidonda, kama mutu amemulaza pale. Mbu hakuna. Nilikuwa nafagia na kumushukuru Mungu, kwa kusema kweli. Kuku njo zilikataa. Nilizitayarishia pembe yao ya kulala mule ndani. Zilifika ku ngazi, zikasimama, zikarudia. Imbwa ya bwana ilikuwa inanifwata popote, lakini pale ilikuwa inaikala juu, inaniangalia. Nilitupa mufupa chini. Ule mufupa ulibakia pale.

Juu yetu kidogo, pembeni ya njia, kulikuwa mwanamuke mumoja wa kabila ya Bahunde, mwenye kupika pombe ya ndizi na kuuzishia batu ba plantasio. Alikuwa mukubwa kwangu kidogo, na kinywa yake haikuwa na kifuniko. Mi nilikuwa namuita dada, yeye ananiita mama wa misala, juu kila wakati aliniona natoka ku kanisa. Siku moja alikuja kuazima chumvi. Alisimama ku ngazi, hakushuka.

"Mama wa misala, hii jiko bwana yako alichimbia nani?"

"Alinichimbia mi. Shuka, dada, uonje bui."

"Niletee hapa. Mi miguu yangu haiendake mule." Akanusa, kama mutu mwenye kusikia kitu inaoza mbali. "Mazuku inapita hapa. Haujaambiwa?"

Mazuku ni jina yenye bazee ba kule balipatia kitu yenye kulala mu mabonde asubui, mbele ya jua. Wengine banasema ni pepo, wengine banasema ni upepo mubaya. Mutu haionake.

"Umuachie bui kidogo ku jani, pale pembeni," akasema. "Akinywa, atawaacha."

"Mi siko na bui ya kupatia mashetani, dada."

"Aa, basi. Utaisalia moto yako Baba Yetu kila asubui, na kuni zitawaka zenyewe."

Tulicheka sisi babili. Alienda na chumvi yake. Lakini kisha alipoenda nilibakia nasimama pale, na jiko ilikuwa kimya sana, kimya yenye haina hata inzi.

Ile asubui yenyewe mvua ilikuwa imenyesha usiku, ikaacha. Upepo hakuna hata kidogo. Ukungu ilikuwa imekaa juu ya ziwa, na majani ya ndizi ilikuwa imening'inia kama nguo yenye kuloana. Bwana alikuwa ameshaenda ku plantasio. Binti alikuwa ameamuka vizuri, siku ya kwanza tangu surua alisema mwenyewe: "Mama, bui." Roho yangu ikaruka. Nilimubeba, nikashuka naye, nikamulaza ku mukeka pembeni ya mafiga, nikamufunika na kitenge. Nilitia maji mu nyungu. Kibuyu ya unga niliiweka juu, mu kashimo ya ukuta.

Makala ya moto nilitoa mu nyumba, mu kigae. Ilikuwa nyekundu. Nilipoimwanga kati ya mafiga ikakuwa nyeusi. Haikufa polepole vile makala inakufaka. Ilikuwa kama mutu ameiwekea mukono juu.

Nilifikiri ni mvua, majivu imeloana. Nilirudia mu nyumba, nikaleta ingine, na manyasi kavu. Nilipofika ku ngazi niliona moshi. Moshi ya yale makala ya kwanza haikupanda ku paa. Ilikuwa imelala. Ilikuwa imetandikwa mu jiko yote sawasawa, kama shuka ku kitanda, usawa wa magoti yangu, na nilipotembea ilikuwa inajisogeza mbele ya miguu yangu na kujifunga tena nyuma, kama maji. Nilikuwa nasikia vuguvugu ku miguu.

Niliwasha manyasi mu mukono. Iliwaka vizuri. Niliinama kuifikisha ku kuni, na ilipogusa ile moshi ikazimika. Nikawasha ingine. Ikazimika pale pale, usawa ule ule. Juu moto, chini hakuna moto.

"Mama," binti akasema, chini ya moshi, "moto analala."

"Atalala wapi? Ngoja, mama anamuamusha."

Sasa nilipiga magoti, njo vile tunafanyaka, nipulize. Nikapuliza. Pua ikaniwasha, na mu kinywa nikasikia kama nimekunywa pombe yenye imechacha. Roho ikaanza kupiga haraka, kichwa ikakazwa kama na kamba. Nilikumbuka maneno ya dada wa pombe na nikaogopa, na juu nilikuwa tayari ku magoti nikaanza kusali. Pumuzi haikuenea. Nilikuwa nasema neno moja, nakosa ya pili. Nikafika ku Baba Yetu. Kwetu ku kanisa Baba Yetu haisaliwake ku magoti. Tunasimama, bote, hata wenye kuumwa banashikiliwa. Mwili ilishajua yenyewe. Nilikamata ukuta, nikasimama.

Nilipotoa kichwa juu, pumuzi ikaingia. Ikaingia baridi na nzuri, na macho ikafunguka, na nikaelewa kitu moja tu: binti hasemi tena.

Niliangalia chini. Mukeka sikuiona, kitenge sikuiona. Ni ile shuka nyeupe tu, imetulia, hakuna kitu inaitikisa. Nilimuita. Nilimuita tena kwa jina ya batizo. Nikavuta pumuzi ya juu, sijui nani aliniambia nivute, nikainama na macho yenye kufungwa, nikatafuta na mikono. Nilikamata muguu. Nilimuvuta, nikamunyanyua juu ya kichwa yangu na mikono miwili, kama mutu mwenye kuvuka muto, na nikapanda ngazi.

Inje alikuwa analegea. Midomo ilikuwa na rangi yenye nilishaiona mara mbili, na sikutaka kuiona tena. Sikusimama mu uwanja. Nilipanda mulima naye, namutikisa, napiga kelele, na dada wa pombe akatoka na mwiko yake mu mukono.

"Mupandishe. Mupandishe tena, usimuweke chini."

Akanisukuma ku mugongo mpaka ku njia kubwa, pale upepo kidogo ilikuwa inapita. Tulimusimamisha kati yetu. Nilisema: Mungu, huyu ulisema utaniachia. Sikumbuke kama alisema. Nilimuambia vile.

Binti akakohoa. Akatapika maji. Kisha akalia, kilio ya hasira, na dada akaikala chini mu matope na kitenge yake safi, akasema: "Lia, mutoto, lia, tukane hata mama yako."

Bui binti alikunywa kwa dada, jua ilipokuwa imeshatoka. Alikunywa na kuomba ingine. Nilimuuliza kama aliogopa. Akatikisa kichwa.

"Nilikuwa mu maji," akasema. "Maji ya moto kidogo. Kuko muntu alikuwa ananiinamia."

"Ni mama alikuwa anakuinamia."

"Hapana," akasema, na akanywa. "Weye ulikuwa juu."

Bwana alirudia mangaribi, nikamuelezea. Kesho yake, mbele ya jua, alishuka ku ngazi na manyasi yenye kuwaka, mi nashika mukono yake ingine kutoka juu. Aliishusha, ikazimika. Alibakia anaangalia ile shimo yenye alichimba na mikono yake. Muchana, upepo ilipoanza, aliijaza udongo. Tulihamia juu, pembeni ya njia. Upepo ilinisumbulia moto ile miaka yote tuliikala kule, na sikunung'unika hata siku moja. Binti alikomaa, leo yuko na batoto.

Kisha nilisikia batu benye kusoma banasema ni hewa mubaya inatoka mu udongo ya moto, ni nzito, inalala mu mashimo. Pengine njo vile. Dada alisema mpaka mwisho ni mazuku alikosa bui yake. Mi najua ni Mungu alinisimamisha. Lakini ile muntu mwenye kuinama, sijamujua, na sijamuuliza binti tena.

Kwa hiyo nakuomba, weye mwenye nimekuaminia: usiweke hii mu sanduku. Uisome kwa sauti mbele ya mama mwenye anajenga karibu na ziwa, hata kama hajui kusoma, na yeye amuambie mwingine. Umuambie jiko isichimbwe chini. Na siku ataona moshi inalala, asipulize moto na asitafute kuni kavu. Akamate mutoto kwanza, amuinue juu. Nyungu ibakie pale.